Saa Moja na Dakika Kumi za Jua

Mimi sina tabia ya kusema watu, ila nikianza siachi. Leo nimeamua kumsema Ilmari, yule Mfini aliyepanga chumba cha binti yangu baada ya binti kuolewa Shenzhen, kwa sababu bila yeye mume wangu angekuwa mpaka leo anacheza sataranji kwa kupiga kelele kutoka ghorofa ya sita.

Mume wangu ni Mzee Tu, dereva wa basi mstaafu. Miaka miwili kabla Ilmari hajaja alipigwa na kiharusi. Mguu wa kushoto ukagoma, mkono nao ukaufuata. Siku ya kutoka hospitali wanaume wanne wa jengo letu walimpandisha kwenye kiti, vidato mia na nne, wakihema na kutukana ngazi, na mmoja wao akatania kwamba huyu hashuki tena mpaka tumshushe moja kwa moja. Tulicheka wote. Halafu nikaingia jikoni nikafungua bomba maji yapige kelele, nikalia, maana nilijua yule bwana kasema kweli.

Wenzake wa sataranji hukaa chini, ukutani kwa geti. Basi Mzee Tu akawa anaweka ubao wake kwenye roshani, anachungulia, anapiga ukelele farasi aende wapi, na jirani yetu Deng wa ghorofa ya tatu anamsogezea kete kule chini. Mchezo ukimwendea vizuri Mzee Tu, Deng anakuwa kiziwi ghafla. Anasema upepo umechukua maneno. Hapa Nanchang, kusini mwa China, mwezi wa saba hakuna upepo hata wa kutikisa uzi, lakini Deng anao wake.

Sasa, majengo ya zamani kama letu yameruhusiwa kuongezewa lifti kwa nje, mradi wakazi wakubaliane. Sisi tuko familia kumi na mbili. Kumi na moja tulitia saini siku ileile, mimi nikiwa wa kwanza na kalamu nikiwa nimeenda nayo mwenyewe. Aliyebaki ni Bi Wan, mjane wa chini kabisa, mkono wa kulia. Lifti ingesimama ubavuni mwa dirisha lake, na ofisi ya mtaa ikasema bila yeye hawachimbi hata shimo la panya.

Bi Wan alisema anaogopa kukosa jua. Ndiyo, kwetu majira ya baridi nyumba haina moto wowote, ndani kuna ubaridi kuliko nje, na mtu mzima anafuata jua la dirishani akiwa na kiti chake na maharage yake ya kuchambua. Lakini mimi nilikuwa na mume amefungiwa juu. Nilimwendea mara nyingi nikamwambia hatapoteza kitu, kivuli cha lifti ni chembamba, kinapita tu. Deng alimwambia hivyohivyo. Mkewe Deng naye. Hata yule kijana wa ofisi ya mtaa, ambaye hajawahi kuliona dirisha lenyewe, alimwapia. Bi Wan alitusikiliza sote, akatumiminia chai, akasema, "Tutaangalia." Kwetu hilo ni hapana iliyovaa nguo za kutokea. Nikamchukia. Sitaki kusema uongo hapa, nilimchukia kabisa, nikawa nikipita mlangoni kwake natazama viatu vyangu.

Ndipo akaja Ilmari. Mtu mrefu, mwenye nyusi nyeupe, katoka nchi ambayo jua lenyewe huchukua likizo majira ya baridi, amekuja Nanchang, ambako kiangazi kinakausha samaki juu ya boneti la gari, kufundisha watu kuteleza kwenye theluji. Nilimuuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Kumbe kuna jumba kubwa ng'ambo ya mto limejazwa theluji ya mashine, na watu wanalipa kwenda kuanguka humo. Haya. Kichina chake kilikuwa kizuri, alikisoma kwao miaka mitano, kila neno lilikuwa mahali pake. Shida ilikuwa kwamba alidhani na sisi kila neno letu liko mahali pake.

Mnajua ilivyo kwenye ngazi saa za chakula. Mtu anapita, mlango uko wazi, mwenye nyumba anasema umekula, karibu ule, na anayepita anasema asante nimeshiba, huku tumbo linanguruma na miguu haijapunguza mwendo. Hiyo ni salamu. Siku ya pili tu, Deng alikutana na Ilmari kwenye ngazi akamwambia, "Mwalimu, siku ukipata nafasi njoo tule kwangu." Ilmari alisimama. Akatoa kidaftari mfukoni, akakipekua, akasema, "Nafasi ninayo Alhamisi, saa kumi na mbili jioni."

Na Alhamisi saa kumi na mbili akabisha hodi. Amechana nywele, amebeba kandambili zake mwenyewe za kuvaa ndani, na mkate mweusi aliouoka kwenye sufuria yangu ya umeme ya wali, mzito wa kuegeshea mlango. Mke wa Deng alikuwa amepika tambi za mchele za watu wawili. Ikabidi Deng ajifanye tumbo linamuuma, akae anatazama tambi zake zikiingia kwenye mdomo wa Ufini. Ilmari alimsikitikia sana, akamkatia mkate.

Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amekula kwenye nyumba saba. Si kwamba alikuwa mlafi, masikini, alikuwa anadhani jengo zima limempenda na akikataa atawavunja moyo. Wengine walikuwa wakimwona chini wanazima taa. Akina mama wa ngoma ya jioni pale uwanjani wakamwambia, kwa mapenzi tu, kwamba amenenepa. Kesho yake akawaendea katikati ya ngoma kuwaarifu kwamba amejipima na amepungua gramu mia nne. Mzee Tu peke yake ndiye aliyemfurahia bila masharti, mpaka siku aliponaswa na yeye. Ilmari alimwambia anaweza kumbeba mgongoni kumshusha. Mzee Tu akajibu kwa adabu, haya, siku moja. Ilmari akauliza siku gani. Basi Jumanne mume wangu alishuka vidato mia na nne mgongoni kwa Mfini, na mtaa mzima ukatoa simu kupiga picha, na aliporudishwa juu aligeukia ukuta, akaniambia afadhali afie humu ndani kuliko kubebwa tena mbele ya watu waliokuwa wakipanda basi lake. Ilmari alirudia kuomba, Mzee akakataa katakata, na mimi nikaelewa kwamba bila lifti hashuki tena.

Deng akaja kunishtaki kuhusu mkate na tambi. Mgeni ni wako, alisema, mfundishe. Nikamkalisha Ilmari mezani nikamweleza: mwanangu, ukikaribishwa, kataa. Wakikukaribisha tena, kataa. Mara ya tatu, kataa vilevile, useme usijisumbue. Wakirudia mara ya nne, hapo ni kweli, nenda. Idadi hiyo niliitunga palepale, maana hakuna mtu kwetu anayehesabu, lakini nilishaona kwamba yule bila namba haelewi kitu. Aliandika yote kwenye kidaftari akanishukuru kwa kunishika mkono.

Akazingatia mno. Zahanati ya mtaa walimwita achanjwe homa ya mafua, muuguzi akamwambia akae akunje shati. Ilmari akasema hapana, hapana, usijisumbue. Muuguzi akamwambia tena. Akakataa tena, anatabasamu. Muuguzi akaona huyu anaogopa sindano, akaita wenzake wawili wamshike mikono. Alirudi nyumbani amefurahi sana, akaniambia Shangazi, wale watu ni wakarimu wa kweli.

Basi majirani wakapumua, milango ikafunguliwa tena. Lakini nikaona kila Alhamisi saa kumi na mbili Ilmari bado anachana nywele na kushuka. Nikamuuliza anakula wapi. Kwa Bi Wan, akasema. Nikamwambia je, sikukufundisha? Akafungua kidaftari anionyeshe. Alikataa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Bi Wan akamkaribisha mara ya nne.

Mimi Bi Wan amenikaribisha miaka kumi na moja, tangu mumewe azikwe, kila jioni nikipita na vikapu vyangu, njoo ule Guilan, nimepika supu ya mtungi. Sikuwahi kusubiri hata ya pili. Anapofika kwenye neno supu mimi niko ghorofa ya tatu. Wazo hilo lilinichoma kidogo, lakini sikulipa nafasi, kwa kuwa papo hapo wazo jingine bora lilikuwa limeshaingia: nimepata mjumbe.

Nikamwambia Ilmari kwa utaratibu. Wewe unakula kwake, anakuamini. Alhamisi ijayo mwambie kwamba kivuli cha lifti si kitu. Akaniuliza kama nimekipima. Nikamwambia kivuli hakipimwi, kivuli kinasemwa. Alinitazama kwa muda, nyusi zimepanda. Akasema kwao mtu akikaa miezi akingoja jua lirudi, hawezi kumwambia mwingine jambo la jua asilolijua. Ila atapima, kisha atasema.

Ikawa Jumapili moja ya Desemba, mbingu safi. Ilmari alikuwa ameomba ramani ya lifti ofisi ya mtaa, akaenda akasimamisha mianzi ya kuanikia nguo pale ubavuni mwa dirisha la Bi Wan, akaiunganisha kwa kamba, na juu yake akatandaza mashuka. Mashuka yangu. Mawili ya Deng, moja la harusi ya binti yangu lenye mabata mekundu. Alifunga kutoka roshani yetu mpaka chini, upana kamili wa lifti, akapanda na kushuka ngazi mara tisa akigonga kichwa kwenye taa ya ghorofa ya tatu kila mara. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mzee Tu alishika ncha ya juu kwa mkono wake mzima na kutoa amri. Tangu augue sikuwa nimemwona na rangi nzuri vile usoni.

Halafu Ilmari akaingia kwa Bi Wan, akakaa kwenye kigoda na saa yake, wanangoja kivuli. Mimi nikasimama nje nyuma ya mlango ulioachwa nusu wazi, eti nachambua vitunguu. Nilikuwa nimemsihi asubuhi nzima. Mwanangu, likitokea lolote, sema dakika chache. Dakika chache ni neno zuri, halimdhuru mtu. Hakunijibu, na kwa Mfini kutojibu sikuweza kujua ni ndiyo au la.

Kivuli kiliingia dirishani saa saba na dakika ishirini. Kikatoka saa nane na nusu. Nilisikia kigoda kikisogea.

"Shangazi," Ilmari akasema, "utapoteza saa moja na dakika kumi kila siku, katikati ya baridi. Ndiyo saa yenye joto kuliko zote. Kiangazi hutapoteza kitu."

Nilitaka kumtwanga na vitunguu. Miaka miwili tumejenga kivuli chembamba kwa kazi ya midomo yetu sote, naye anakuja kukinenepesha kwa dakika moja. Nikamwona mume wangu anazeeka kwenye roshani, nikaona na jeneza likishushwa vidato mia na nne. Vitunguu vikanimwagika, nikapiga magoti kuviokota.

Nikasikia Bi Wan anamimina chai. Kisha akasema, taratibu, kwamba alete ile karatasi, atatia saini.

Mimi nje nikausogelea mlango kwa magoti. Na ndani, Ilmari, mwanafunzi wangu mwema, akasema, "Hapana Shangazi, usijisumbue."

Bi Wan akamwambia si usumbufu, alete karatasi. Ilmari akasema hapana, hapana, hata usifikirie jambo hilo. Bi Wan akaweka kikombe chini; niliusikia mlio wake. Akasema anaweza kuamua kuacha sasa hivi ikiwa haitakiwi. Ilmari akavuta pumzi kwa ajili ya mara ya tatu, na nilijua atasema, kwa sababu imeandikwa kwenye kidaftari kwa mwandiko wake. Nikausukuma mlango nikaingia na vumbi la ngazi kwenye magoti.

"Mwalimu, funga mdomo," nikasema. "Dada Wan, karatasi hii hapa."

Nilikuwa nayo kwenye aproni. Nilikuwa nayo kwenye aproni kila siku kwa miaka miwili, imekunjika na ina doa la mafuta. Bi Wan aliinyoosha juu ya meza kwa kiganja, akavaa miwani. Hakuniuliza nilikuwa nafanya nini nyuma ya mlango wake. Akaandika jina lake polepole, akabonyeza na dole gumba kwenye wino mwekundu. Nikamuuliza kwa nini sasa, na mbona tulipomwambia sisi hatapoteza kitu alikataa. Ningekuwa na akili nisingeuliza.

"Watu kumi na mmoja mlikuja hapa kuniambia sina nitakachopoteza," akasema. "Kama sina cha kupoteza, nitawapa nini? Huyu ameniambia ninachokitoa. Kitu ukikijua unaweza kumpa mtu."

Nikaikunja karatasi, nikairudisha kwenye aproni. Ilmari alikuwa anaandika kwenye kidaftari.

Lifti ilichukua miezi kumi kukamilika, na vumbi lake bado liko kwenye mapazia yangu. Siku ilipofunguliwa Mzee Tu alivaa koti la kazi la zamani, akaingia na kiti chake cha magurudumu, akabonyeza kitufe mwenyewe kwa mkono ule mbovu, akajaribu mara nne mpaka kikakubali, wala sikuthubutu kumsaidia. Alifika geti akamkuta Deng mezani, akamwomba radhi kwa kuchelewa miaka mitatu, akamfunga michezo mitano mfululizo. Deng akatafuta upepo hakuuona. Nilirudi juu peke yangu ndani ya lifti nikalia tena, safari hii bila kufungua bomba.

Tangu hapo maisha yalinichangamkia. Asubuhi nampeleka, mchana namfuata, nasimama kidogo kusikiliza umbea. Sikumfikiria Bi Wan. Nilimpelekea matunda siku ya lifti, nikaona tumemalizana.

Hadi katikati ya Desemba. Ilikuwa siku ya jua safi, saa nane mchana, natoka kwenye lifti na koti la Mzee mkononi, nikaona dirisha la Bi Wan lina taa. Taa, saa nane mchana. Nikachungulia. Amekaa pale pale pake, kiti kimeelekezwa dirishani, shali mbili mabegani, anachambua maharage chini ya balbu. Hatua tatu tu kutoka hapo, nje ya kivuli, ua wote unameremeta. Kwetu juu, upande wa pili wa lifti, kivuli kinatupata asubuhi tukiwa bado tumelala, na saa kama hiyo roshani yetu iko tupu, jua limejaa mpaka kwenye ndoo ya kufulia, hakuna wa kuliota.

Niliona aibu ikipanda kutoka miguuni. Nilijua nikimkaribisha atasema asante, yuko sawa, ana kazi, na mimi nitarudi juu na roho safi ya bure. Basi sikumkaribisha. Niliingia bila hodi, nikamwambia ainuke kidogo nione kitu, akainuka, nikakibeba kiti chake cha mianzi nikatoka nacho.

"Guilan, kiti changu unakipeleka wapi?"

Sikugeuka. Nikaingia kwenye lifti nikashikilia mlango kwa kiuno. Akaja nyuma yangu na bakuli la maharage, akisema maneno ambayo mtu wa umri wake hakupaswa kuyajua, akiniita mwizi, akisema atamwita kijana wa ofisi ya mtaa. Aliendelea hivyo hivyo mpaka ghorofa ya sita. Alikuwa hajawahi kupanda lifti hiyo hata siku moja. Aliniuliza katikati ya matusi kama haidondoki.

Nilikiweka kiti roshani kwenye jua. Alikitazama, akanitazama, akakaa. Baada ya muda akavua shali moja. Tukachambua maharage, tukamsikia Mzee Tu kule chini akibishana na Deng. Saa nane na nusu Bi Wan akatazama saa yake, akasimama, akasema sasa jua lake limerudi dirishani na yeye anakwenda kwake. Akashika kiti kwa mgongo ili ashuke nacho.

Nikamwambia akiache, maana na kesho kuna jua. Alisimama kidogo amekishika. Kisha akakirudisha, akakisogeza nyuma inchi mbili mahali alipopapenda, akashuka na bakuli lake.